Ukikata msaipresi uliokauka, usipande msaipresi mwingine

Kwa Mhariri,

Mvua ya masika inakaribia, na katika nasari yangu ya miche hapa Limuru wateja wameanza kuja na agizo lile lile la kila mwaka. Mti wa langoni umekauka, au fensi imebaki na mapengo ya rangi ya kahawia, na mwenye boma anataka miche ya kujazia. "Mama, nipe saipresi kumi, lakini unichagulie zilizonyooka." Nikiuliza ule uliokauka ulikuwa mti gani, najibiwa kwa mshangao kwamba ulikuwa saipresi pia. Kwa hiyo anataka kupanda mti ule ule, katika shimo lile lile, juu ya mizizi ya ule uliokufa, na mdudu aliyeuua bado yuko kwenye fensi ya jirani. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watu hawa wote kwa pamoja, maana mmoja mmoja pale nasarini siwamalizi.

Nieleweke mapema. Sisemi juu ya shamba la mbao. Msaipresi wa mbao una wataalamu wake, una hesabu zake, na umelipia watoto wengi karo katika kaunti hii ya Kiambu. Nasema juu ya mti wa nyumbani: ule wa langoni, wa kivuli mbele ya nyumba, wa fensi inayokatwa ikawa ukuta, wa uani kwa kanisa na shule. Huo ndio unaokauka mbele ya macho yetu tangu Tigoni hadi Uplands, na huo ndio tunaourudishia mwenzake bila kufikiri.

Watu hupewa sababu nyingi. Mmoja ataambiwa ni jua la mwaka jana, mwingine ataambiwa mti umezeeka, mwingine atashuku mfanyakazi amemwaga maji ya sabuni. Katika maboma mengi niliyoitwa kuangalia, mhalifu ni vidukari wa msaipresi, na mtu yeyote anaweza kumwona bila darubini. Usiangalie kule nje kwenye kijani. Ingia chini ya mti hadi karibu na shina, shika tawi lenye unene wa kidole ambalo majani yake yameanza kugeuka manjano, kisha ligeuze uone upande wa chini. Utawakuta wamejipanga kwenye gome, wengi pamoja, rangi ya kahawia yenye unga wa kijivu mgongoni, wakubwa kuliko wale wa sukuma wiki. Ukiwagusa kwa ukucha wanaanza kutembea kwa miguu yao mirefu, na kidole chako kinabaki kinanata. Mara nyingi utaona sisimizi wakipanda na kushuka pale pale, kwa sababu vidukari hutoa majimaji matamu nao huyafuata. Majimaji hayo hudondoka juu ya majani ya chini, juu ya mabati, juu ya gari lililoegeshwa kivulini, na baada ya muda yanaota ukungu mweusi ambao mvua ya kawaida haiuondoi.

Kidukari hunyonya maji ya mti, lakini lililo baya zaidi ni mate yake. Anapotoboa gome anaacha mate yenye sumu kwa mti, na tawi hufa kuanzia hapo kwenda mbele. Ndiyo sababu msaipresi unaoshambuliwa hukauka kuanzia ndani, na mwenyewe huja kugundua wakati ule ukahawia umeshatokeza nje. Kiangazi kikiingia, mti uliokwisha kunyonywa hauna nguvu ya kustahimili ukosefu wa maji, nao hufa upande mzima kwa wiki chache. Na mti huu una tabia moja ambayo mwenye fensi lazima aijue: tawi kuukuu lililopoteza majani halichipui tena. Fundi akikuambia akate sehemu ya kahawia ili ichipue upya, mweleze kwamba huu si mti wa chai. Ukishakata ukapita kijani, umebaki na vijiti milele.

Kidukari huyu si mwenyeji wetu. Alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Tanzania mwaka 1988, na hapa Kenya akaonekana mwaka 1990. Malawi hakuishia kwenye misaipresi ya kupandwa. Aliuingilia hata mwerezi wa Mlima Mulanje, ambao ndio mti wa taifa lao na kwa asili haupatikani porini penginepo. Nilikuwa msichana wa shule alipofika kwetu, na nakumbuka fensi zilizogeuka kahawia kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho, wazee wakisimama kando yake wasijue la kufanya. Anaenea upesi kwa sababu huku kwetu majike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai badala ya mayai, na msongamano ukizidi huzaliwa wenye mbawa wanaochukuliwa na upepo. Sisi nasi tunamsaidia kila Desemba. Tunakata matawi mabichi ya msaipresi, tunayafunga juu ya matatu, tunayapeleka mashambani kupambia nyumba kwa ajili ya Krismasi, kisha baada ya sikukuu tunayatupa nyuma ya nyumba kando ya fensi ya nyanya. Anayetaka tawi la Krismasi na alikate kwa jirani, lisivuke hata kata, na likimaliza kazi lichomwe.

Kuna wanaoniuliza kuhusu dawa. Mwaka 1994 nyigu mdogo sana aliletwa kutoka Ulaya akaachiliwa hapa nchini apambane na kidukari huyu. Hutaga yai ndani ya kidukari, na mtoto wake humla kutoka ndani. Ukiona kidukari aliyevimba, mkavu, asiyetembea, ujue nyigu amepita hapo. Nyigu huyo alipunguza makali ya ule msiba wa kwanza, na ni mmoja wa marafiki wachache tulio nao. Sasa mtu akija na bomba la mgongoni akapulizia mti wa futi arobaini, dawa haifiki juu kwenye vidukari vyote, inamdondokea yeye mwenyewe usoni, inaua nyuki waliofuata majimaji matamu, na inamuua nyigu pia. Baada ya muda vidukari wanarudi bila adui. Mche mdogo unaweza kuoshwa kwa maji ya sabuni na ukanusurika. Mti mkubwa wa langoni uliokauka zaidi ya nusu, ushauri wangu ni mmoja tu, uukate.

Hapo ndipo swali la nini kipandwe linapokuja, na hapo ndipo historia yetu inapaswa kutufunza. Msaipresi tulio nao leo asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Kabla yake uliopandwa sana huku kwenye baridi ulikuwa ndugu yake wa California, makrokapa. Miaka ya 1940 na 1950 makrokapa ikaingiliwa na ugonjwa wa ukungu unaotoboa gome vidonda vinavyotoa ulimbo, ikafa kwa wingi, na waliosimamia misitu wakaibadilisha kwa huu wa Mexico kwa kuwa ulistahimili ule ukungu vizuri zaidi. Ulikuwa ubadilishaji wa busara kwa ugonjwa ule. Lakini walibadilisha ndugu kwa ndugu, na kidukari alipotua miongo minne baadaye, alikuta meza imeandaliwa kutoka Limuru hadi Londiani. Misindano nayo ina kisa chake cha namna hiyo: aina ya radiata iliachwa kupandwa miaka ya 1960 kwa sababu ya ukungu wa majani, ikachukuliwa patula. Mikaratusi, hali kadhalika, ilipata mdudu wake wa uvimbe wa majani magharibi mwa Kenya mwaka 2002. Kila mara tulipanda mti mmoja kila mahali, na kila mara adui mmoja alitosha kutusumbua kila mahali.

Ndiyo maana nawasihi wenye maboma wasikubali kuuziwa jamaa wa msaipresi kwa jina jingine. Ile saipresi ya dhahabu inayouzwa kwa bei kubwa katika maduka ya maua, yenye rangi ya manjano na umbo la mshumaa, ni makrokapa ile ile. Ina udhaifu wa ule ukungu wa zamani na vidukari wanaipenda vile vile. Tuja ya kukatwa umbo la mpira nayo imo katika ukoo huo. Hata mutarakwa, mwerezi wetu wa asili, pamoja na heshima yote tuliyo nayo kwake, hushambuliwa na kidukari huyu. Msituni unapata nafuu, lakini si mti wa kuupanda pale pale ulipotoka msaipresi uliojaa wadudu.

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, aliniagiza misaipresi miwili ya langoni. Alikuwa nayo miwili mikubwa, mmoja kila upande wa lango, na yote miwili ilikuwa imekufa. Nilimwambia, "Mwalimu, wacha nije nione iliyokufa kabla sijakuuzia mingine." Akasema, "Mama, kufa ni kufa, unaona nini zaidi?" Nikaenda. Mti wa kushoto ulikuwa na kila dalili niliyoeleza hapo juu: matawi ya ndani makavu, ukungu mweusi, vidukari bado wamo kwenye kijani kidogo kilichobaki kileleni. Wa kulia haukuwa na hata mmoja. Ulikuwa umefifia wote kwa pamoja, juu hadi chini, majani yakiwa bado yameshikilia matawini. Nikachukua panga nikabandua gome pale shina linapoingia ardhini. Chini ya gome kulikuwa na utando mweupe, mnene, umetandaa kwenye mti kama karatasi iliyolowa, na ukiinama ukanusa unapata harufu ya uyoga. Nikamwita mwalimu aje anuse mwenyewe.

Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na wakulima wa majani chai wa hapa wanaujua sana, maana mashamba yetu yalikuwa msitu. Kuvu hilo hukaa katika mizizi na visiki vya miti iliyokatwa, hudumu humo miaka mingi, na hupita mzizi kwa mzizi kwenda kwenye mti ulio hai. Ndiyo sababu wanaofyeka miti ili wapande chai hushauriwa kwanza kuibandua gome kuzunguka shina na kuiacha ife ikiwa imesimama, mizizi iishiwe na chakula kabla mti haujaangushwa. Mtu akipanda mche wowote, hata wa asili, hata wa bei ghali, juu ya kisiki chenye utando huo, anaupeleka kwenye kifo. Upande wa kulia wa lango la mwalimu hatukupanda mti. Kisiki kiling'olewa, mizizi yote iliyozidi unene wa kidole gumba ikafuatwa kwa jembe na kuchomwa, shimo likaachwa wazi lipigwe na jua, na sasa pana maua ya kawaida na nyasi. Patakaa hivyo kwa miaka kadhaa. Upande wa kushoto, ambako adui alikuwa kidukari tu, tulisogea hatua chache kutoka kwenye kisiki tukapanda podo, na karibu na ukuta, mbali na nyaya za stima, tukapanda murarachi.

Nataka kusema kidogo juu ya miti hii, kwa sababu wateja wengi huiona nasarini wakapita, wakidhani ni miti ya msituni isiyofaa kwa nyumba nzuri.

Podo ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa aliyezoea msaipresi. Ina kijani kizito mwaka mzima, majani membamba yanayong'aa yakiwa machanga, na inakubali makasi. Fensi ya podo iliyotunzwa hufunga hadi huoni ng'ambo. Si ya ukoo wa msaipresi, na kidukari huyu haigusi. Baridi ya Julai hapa kwetu inaijua tangu enzi na enzi, kwa maana hapa ni kwao. Lawama pekee ninayoisikia ni kwamba haina haraka. Ni kweli. Msaipresi utaipita urefu miaka ya mwanzo. Lakini watoto wa podo hustahimili kivuli, na hilo ni faida ambayo wengi hawaitumii. Kama fensi yako ya misaipresi inakufa polepole, usingoje ife yote. Panda podo sasa upande wa ndani, hatua mbili kutoka kwenye mashina ili zisinyang'anywe maji, na uache ile misaipresi iliyobaki iwe kinga ya upepo. Uikate mmoja baada ya mwingine kadiri podo zinavyosimama. Boma halitakaa uchi hata siku moja. Anayehitaji kuzuia mbuzi na wezi mara moja, achanganye na kayaba upande wa nje, ambayo kwa miiba yake haiulizwi swali.

Murarachi ni mti wa maua. Ukichanua unafunikwa na maua ya waridi hafifu kuanzia kilele, na vipepeo hutaga mayai kwenye majani yake, kwa kuwa ni wa jamii ya ndimu na michungwa. Asiyeujua aende Msitu wa Karura auone ukiwa pamoja na muthiga na mukinduri. Sijui kwa nini tunaagiza jakaranda kwa hamu hivyo, mti wa Amerika Kusini, wakati tuna wa kwetu wenye uzuri huo na unaolisha ndege na vipepeo. Unahitaji subira ya miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza, na wakati wa ukame unaweza kuangusha majani yake mengi; mwenyewe asishtuke akaukata akidhani umekufa.

Muthiga una kivuli kizito na majani yenye ukali wa pilipili. Upandwe ndani ya fensi, si nje, maana gome lake ni dawa ya kikohozi inayojulikana sana na wapita njia hawataliacha shina na gome lake. Mutamaiyo, yaani mzeituni wa porini, ni mgumu, unavumilia ukame kuliko yote niliyotaja, na unafaa kwa wenzetu walio upande wa Naivasha na Narok ambako mvua ni haba. Wamaasai na Wakalenjin wanaoufukizia vibuyu vya maziwa hawana haja ya kuambiwa thamani yake. Mukinduri unakua upesi na una umbo zuri la tabaka tabaka, ila unapukutisha majani na mbegu kwa wingi, kwa hiyo usiuweke juu ya paa unakovunia maji ya mvua.

Kuhusu kupanda kwenyewe sitakuwa na mengi, ila machache ninayoona yakiharibika kila msimu. Shimo liwe futi mbili kila upande, udongo wa juu uwekwe kando na ndio utangulie kurudi, uchanganywe na debe la samadi iliyoiva. Samadi mbichi huunguza mizizi. Karatasi ya mche itolewe yote. Nimefukua miche iliyokufa nikaikuta bado imevaa karatasi, mizizi imezunguka ndani mviringo. Ule mzizi uliojikunja chini ukatwe kwa wembe kabla ya kupanda. Podo ikae angalau mita sita kutoka ukutani, kwa maana msituni hufika mita 30 na zaidi, na hata kama bomani haitafika huko, mizizi na kivuli vyake vinahitaji nafasi. Kiangazi cha kwanza na cha pili mche upewe maji mengi mara moja kwa wiki badala ya kikombe kila jioni, na uwekewe nyasi kavu shinani, zisiguse gome. Huku Kinale na Uplands ambako barafu ya usiku huanguka, mche mdogo ufunikwe kwa gunia miezi ya baridi.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Kuna kanisa moja katika eneo hili ambalo misaipresi yake ya uani, iliyopandwa na waumini wa kwanza, ilikauka. Kamati ikakusanya michango, ikampa mtu kandarasi ya kurejesha miti, naye akaleta misaipresi. Waliisimika katika mashimo yale yale. Nilikwenda kwa wazee wa kamati nikawaeleza kwa heshima, wakaniambia kandarasi imeshatiwa sahihi na mti huo ndio ulioandikwa. Leo nusu yake ni mikavu, na iliyobaki imejaa vidukari ambao sasa wanashuka kwenye fensi za majirani. Fedha zile zilitoka mifukoni mwa akina mama wanaouza viazi kando ya reli. Zingenunua podo, mirarachi na mithiga, na wajukuu wao wangekaa kivulini mwake.

Hivyo ndivyo ilivyo pia katika ugawaji wa miche ya bure. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na ni lengo ninaloliunga mkono kwa moyo wangu wote. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko tupande miti, na sasa kila tarehe 10 Oktoba tuna Siku ya Mazingira. Nimesimama katika foleni za ugawaji huo nikatazama kilichomo kwenye kreti. Katika zile nilizoziona, wingi ulikuwa saipresi, mikaratusi na mukima (grevilia). Sababu si siri. Mche wa msaipresi huwa tayari kuuzwa baada ya miezi michache na mimi mwenyewe huuuza kwa shilingi 20. Podo mbegu yake ni nzito kuota, hukaa nasarini mwaka mmoja na zaidi, na siwezi kuiuza chini ya shilingi 100 nikapata faida. Anayehesabu idadi ya miche atachagua ya shilingi 20 kila siku. Lakini msaipresi uliopandwa mlangoni mwa bibi kizee aliyepoteza mwingine mwaka jana utahesabiwa mwaka huu, utakufa, na utapandwa na kuhesabiwa tena.

Naomba ofisi za misitu na za kaunti zifanye mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, mwenye boma anapokuja kuchukua mche wa kuziba pengo, aulizwe ni mti gani uliokufa na ulikufaje, na asipewe wa ukoo huo huo. Swali hilo halina gharama. La pili, taasisi yetu ya utafiti wa misitu, KEFRI, ipo Muguga, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na mbegu bora za miti ya asili wanazo. Nasari ndogo za kando ya barabara, ambazo nyingi zinaendeshwa na akina mama na vijana, haziwezi kuweka pesa kwenye mche wa kukaa zaidi ya mwaka bila kujua kama kuna mnunuzi. Tupewe agizo mapema kwa maandishi, lenye idadi na aina ya miti. Podo itakayogawiwa masika ya mwaka ujao lazima mbegu yake iwe kitaluni sasa hivi, kabla mvua hii haijaanza, na hadi ninapoandika barua hii hakuna ofisi yoyote iliyoniagiza hata mche mmoja.

Wako,
Mkuza miche,
Limuru, Kaunti ya Kiambu